Wanafunzi wa Australia Waenda Kujifunza Kijapani

Japani ni inchi ya visiwa, huko mashariki ya Asia. Visiwa vikubwa ni vinne: Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu. Vidogo ni maelfu. Australia ni inchi nyingine, kusini sana. Kati ya inchi hizi mbili kuna bahari kubwa. Mtu akipanda ndege kule Sydney, hukaa angani saa tisa ao kumi mbele ya kushuka Tokyo, mji mkuu wa Japani.

Hata hivi, watoto wengi wa Australia hujifunza Kijapani masomoni, kama watoto wa Kongo wanavyojifunza Kifaransa. Huanza wangali wadogo, kwa kuhesabu na kuimba. Wakipata miaka 14, 15 ao 16, masomo mengi hukusanya kundi la wanafunzi pamoja na walimu wawili ao watatu, na kulipeleka Japani muda wa juma mbili. Safari hiyo si ya kutembea bure. Wazazi hulipa feza nyingi, na wengine huweka akiba mwaka mzima. Basi mtu aweza kuuliza: Kitabu kipo, mwalimu yupo, ya nini kwenda mbali hivi?

Kwanza tusikilize Kijapani chenyewe. Mtoto anayesema Kiswahili angefurahi akikisikia. Vokali zake ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Silabi karibu zote huishia kwa vokali. « Yama » ni mlima. « Kawa » ni mto. « Sakana » ni samaki. « Mizu » ni maji. Neno hili watoto hulijifunza katika siku za kwanza, na katika kitabu huwekwa karibu na picha ya bilauri. Kuna na maneno yanayofanana na yetu kabisa, lakini maana ni nyingine. Kwa Wajapani « kuni » ni inchi, si za kupikia. « Saba » ni samaki mmoja wa bahari. « Hata » ni bendera. Na Mjapani akisema « nani », haulizi jina la mtu. Anauliza « nini ». Watoto wa Australia husema Kiingereza, na midomo yao imezoea sauti nyingine, kwa hiyo hupata taabu. Mtoto wa Bukavu ao wa Lubumbashi angeyatamka vizuri siku ile ile.

Tazameni tena jambo hili. Sisi tuna mpunga shambani, mchele gunieni, na wali katika sahani. Mfaransa ana neno moja tu kwa vyote vitatu, na Mwingereza vilevile. Lakini Mjapani husema « ine » kwa mpunga, « kome » kwa mchele, na « gohan » kwa wali. Watu wanaolima kitu na kukila kila siku hawawezi kukiita kwa jina moja.

Kusema si kugumu sana. Kusoma ndiyo kazi. Wajapani wana maandiko ya namna tatu, nao huyachanganya katika mstari mmoja. Ya kwanza ni hiragana: alama 46, kila alama ni silabi moja. Ya pili ni katakana, nayo ni alama 46. Kwa hizo huandika maneno yaliyotoka inchi za kigeni, na mtoto wa Australia huandika jina lake kwa katakana. Ya tatu ni kanji, iliyotoka China zamani. Kila kanji ina maana yake. Kuna alama ya mti. Ukiandika miti miwili pamoja, ni msitu mdogo. Ukiandika mitatu, ni msitu mkubwa wenye giza. Hizo ni nyepesi. Lakini mtoto wa Japani hujifunza kanji 1,026 katika miaka sita ya masomo ya kwanza, na mtu mzima anayetaka kusoma gazeti yampasa kujua 2,000 na zaidi. Mwanafunzi mgeni akitoka katika uwanja wa ndege huona maandiko mbele, nyuma, juu na chini, na katika hayo asoma neno moja, huruka matano. Ameanza kupata somo lake la kwanza, kwamba yeye bado ni mdogo.

Safari nyingine hulala hotelini tu siku zote. Hizo huona mengi na kusikia machache. Safari njema ni ile ambamo kila mwanafunzi hupewa jamaa moja ya Kijapani, akae kwao siku nne ao tano kama mtoto wa nyumba. Miji mingi ya Australia ina urafiki wa siku nyingi na miji ya Japani, na kwa njia hiyo jamaa hupatikana.

Mgeni hufika mlangoni. Ndani ya mlango kuna mahali padogo palipo chini kuliko sakafu ya nyumba. Hapo kila mtu huvua viatu vyake na kuvigeuza, ncha zitazame nje. Kisha mgeni asema: « Ojama shimasu. » Kitabu kilimfundisha kwamba maana yake ni « ninawasumbua ». Alipokuwa kwao neno hilo lilimshangaza: watu wamenialika wenyewe, kwa nini niwaambie kwamba ninawasumbua? Sasa amesimama mlangoni, viatu mkononi, na mama wa nyumba anamwinamia akimkaribisha. Papo hapo anaelewa. Ni kupiga hodi! Mtoto wa Kiswahili hangehitaji kufafanuliwa.

Ndani amewekewa ndara za nyumbani. Lakini kuna chumba chenye mikeka minene ya majani, iitwayo tatami. Hapo ndara nazo huvuliwa. Na msalani kuna ndara nyingine, ambazo haziruhusiwi kutoka humo. Wageni wengi husahau, wakaja kukaa na wenzao wakiwa na ndara za msalani miguuni. Jamaa yote hucheka, na mgeni hatasahau tena.

Usiku kuna kuoga. Maji ya moto yamejazwa katika birika kubwa, yamefunikwa yasipoe. Mgeni asidhani kwamba ataingia na sabuni! Mtu hukaa kando ya birika, hujisugua na kujimwagia maji mpaka awe safi kabisa. Ndipo huingia katika birika kwa kupumzika tu. Baadaye ataingia mwingine, na mwingine, katika maji yale yale. Aliyeingia na sabuni ameyaharibu maji ya watu wote. Na mara nyingi mgeni ndiye anayepewa nafasi ya kwanza, kwa heshima.

Mbele ya kula, kila mmoja husema: « Itadakimasu », yaani ninapokea kwa unyenyekevu. Wakimaliza husema neno la shukrani, « gochisosama ». Hula kwa vijiti viwili. Mkono wa mgeni huchoka, wali huanguka, hakuna anayemkemea. Lakini kuna mambo mawili ambayo yatawanyamazisha watu wote mezani. La kwanza, kusimamisha vijiti katika bakuli la wali. La pili, kupokezana chakula kutoka kijiti mpaka kijiti. Maana Wajapani huwawekea wafu wali wenye vijiti vilivyosimama, na maiti ikiisha kuchomwa, jamaa hupokezana mifupa kwa vijiti. Kwa hiyo mambo hayo mawili ni ya kilio, si ya chakula.

Sasa tufike kwenye lugha yenyewe. Kitabu cha kwanza cha Kijapani hufundisha neno « anata », maana yake « wewe ». Ni neno sahihi. Lakini nyumbani mtoto hamwambii mama yake « anata », wala masomoni hamwambii mwalimu hivyo. Husema « okaasan », yaani mama. Husema « sensei », yaani mwalimu. Mwanafunzi anayemwuliza mwalimu: « Je, anata wakaa wapi? » hakukosa sarufi hata kidogo, lakini amekosa adabu. Tena, mtoto wa Japani akimsema mama yake mwenyewe mbele ya wageni, humwita « haha ». Akimsema mama ya mwenziwe, ni « okaasan ». Jina la mwingine huongezewa « san » kwa heshima. Jina lako mwenyewe usiliongezee kamwe, watu watakucheka. Hata kula kuna maneno mbalimbali: mimi ninakula kwa neno moja, mkubwa anakula kwa neno lingine.

Kwa Kiingereza mfalme na mpishi wake wote wanaitwa « you ». Ndiyo maana mtoto wa Australia hawezi kuyashika mambo haya kwa kusoma tu. Atayakariri, atayaandika katika mtihani, na siku ya kusema atayasahau. Lakini akikaa siku nne na bibi mzee nyumbani, akisikia namna wajukuu wanavyomwambia bibi na namna wanavyoambiana wenyewe, sikio lake litajua mbele ya akili yake.

Asubuhi kila anayetoka husema: « Ittekimasu », naenda nami nitarudi. Waliobaki hujibu: « Itterasshai », enda urudi. Jioni anayerudi hupaza sauti mlangoni: « Tadaima! » Nao waliomo hujibu: « Okaeri! » Siku ya kwanza mgeni husema neno hilo chini chini, kwa haya. Siku ya nne hulipaza tangu mlangoni, na akiwa hajibiwi hutazama chumba hadi chumba, watu wamekwenda wapi.

Mchana mgeni huenda masomoni pamoja na mtoto wa nyumba. Huko pia viatu vya nje huvuliwa, vikawekwa katika vyumba vidogo vya mbao ao chuma, na kila mtu huvaa viatu vya ndani. Mwalimu akiingia, kalasi yote husimama, huinama, hukaa. Wakati wa chakula, katika masomo ya watoto wadogo, hakuna mpishi anayegawa. Watoto wa zamu huvaa kofia na nguo nyeupe, huleta vyungu, na kuwapakulia wenzao. Mwalimu naye hula papo hapo kilekile. Desturi ya chakula cha masomoni ilianza mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka, ambapo watoto maskini walipewa chakula wasirudi nyumbani na njaa.

Kiisha kuna kufagia. Watoto wa Kongo hawatashangaa, maana nao wanajua ufagio wa asubuhi. Lakini kule Australia, masomo mengi hulipa watu wa kusafisha. Wageni hupewa kitambaa kilicholowa maji, na kuonyeshwa namna: mikono miwili juu ya kitambaa, mgongo umeinama, kisha kukimbia ukikisukuma tangu ukuta mpaka ukuta. Wengi huanguka kifudifudi mbele ya kufika nusu.

Shida moja hupatikana huko. Watoto wa Japani nao wanajifunza Kiingereza, nao wamengoja siku nyingi mtu wa kujaribu naye. Mgeni asema Kijapani, mwenyeji anajibu Kiingereza, na kila mmoja anaharibu lugha ya mwenziwe kwa bidii. Walimu wenye akili hugawa wakati: nusu ya saa lugha hii, nusu ya saa lugha ile.

Baada ya kuagana na jamaa zao, na wengi hulia, wanafunzi hupanda gari la moshi liendalo mbio, liitwalo Shinkansen. Jina la gari la moshi limebaki, moshi haumo. Huendeshwa kwa umeme. Njia yake ya kwanza, ya Tokyo na Osaka, ilifunguliwa mwaka 1964. Kutoka Tokyo mpaka Kyoto si zaidi sana ya saa mbili. Kyoto ulikuwa mji wa mfalme tangu mwaka 794 mpaka karne ya 19. Kuna mahekalu mengi, na mtu hawezi kuyaona yote kwa juma moja. Karibu na Kyoto kuna Nara, penye sanamu ya Buda ya shaba nyeusi, urefu wake metre 15 hivi, iliyowekwa wakfu mwaka 752. Lakini watoto hupenda zaidi paa wa Nara. Wamo zaidi ya 1,000, hutembea mjini bila woga, na wengine wamejifunza kuinamisha kichwa wakiomba mkate mkavu.

Kisha safari nyingi huendelea magharibi mpaka Hiroshima. Humo hakuna wa kuchekesha.

Kule kwao wanafunzi walisoma habari ya Hiroshima katika mistari michache ya kitabu cha historia. Tarehe 6 ya mwezi wa 8, mwaka 1945, wakati wa vita, saa mbili na robo ya asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu moja. Bomu lilipasuka juu ya mji, kwa urefu wa metre 600 hivi. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi, wengi wenye miaka 12 na 13, walikuwa nje wakifanya kazi ya kubomoa nyumba, ili kufungua nafasi za kuzuia moto wa vita. Hawakuwa na ukuta wa kuwakinga.

Katika nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1955, kuna sahani yenye kifuniko ya mwanafunzi mmoja. Mama yake alimfungia chakula asubuhi. Alipomtafuta na kuipata maiti yake, sahani ilikuwa pamoja naye, na chakula ndani kimegeuka makaa. Wanafunzi wa Australia husimama hapo kimya. Juzi tu walifungiwa chakula hivyo na mama wa nyumba.

Nje, katika bustani, kuna sanamu ya watoto. Msichana aliyeitwa Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili siku ya bomu. Hakuungua. Alikua mwenye nguvu, akajulikana kwa mbio masomoni. Lakini alipopata miaka 11 ugonjwa wa damu ulionekana ndani yake, nao ulitoka kwa bomu lile. Hospitalini alikunja karatasi kwa mfano wa korongo, maana Wajapani husema kwamba anayekunja korongo 1,000 hupata analolitamani. Alikufa tarehe 25 ya mwezi wa 10, mwaka 1955. Wenziwe wa kalasi walianza kukusanya feza, watoto wa Japani yote wakawasaidia, na sanamu ilisimamishwa mwaka 1958. Wanafunzi wageni huja na korongo walizozikunja nyumbani miezi mingi, zimetungwa kwa uzi kama shanga, na kuzitundika hapo.

Nanyi watoto wa Kongo, jueni jambo hili. Bomu lile lilitengenezwa kwa madini yaitwayo uraniumu, na sehemu kubwa ya uraniumu waliyotumia Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, karibu na Likasi. Watu walioichimba hawakuambiwa ni ya kazi gani. Udongo mweusi ulitiwa katika mapipa, ukapelekwa ng'ambo. Kati ya Hiroshima na Kongo kuna bahari mbili ao tatu, lakini njia ya mapipa yale ilipita zote.

Watu waliookoka huitwa « hibakusha ». Aliyekuwa na miaka sita mwaka 1945 sasa amepita 80. Mwaka 2024 chama chao, Nihon Hidankyo, kilipewa tuzo ya Nobel ya amani. Kila mwaka hesabu yao hupungua, na tangu mwaka 2012 mji wa Hiroshima unawafundisha watu wengine, ili washike habari za wazee na kuzisimulia baada yao. Lakini wako wazee ambao hata sasa hukaa mbele ya wanafunzi na kuwasimulia wenyewe. Mkalimani huwapo. Husema sentensi moja, hunyamaza, mkalimani hugeuza.

Neno moja halihitaji kugeuzwa. Wengi waliookoka husimulia namna watu walioungua walivyotembea kuelekea mito ya mji, wakiita: « Mizu! Mizu! » Wanafunzi walilijua neno hilo tangu kitabu cha kwanza, karibu na picha ya bilauri. Watu wengine wa Hiroshima walikuwa wameambiwa kwamba aliyeungua akinywa atakufa upesi, kwa hiyo hawakuwapa. Na majuto hayo wameyabeba miaka yote. Kila mwaka, tarehe 6 ya mwezi wa 8, watu wakikusanyika katika bustani ile, huletwa maji na kuwekwa mbele ya ukumbusho, kwa ajili ya wale walioyaomba wakayakosa.

MAULIZO

Kwa Kijapani « kuni », « saba » na « hata » ni nini?
Kwa nini mgeni asiingie na sabuni katika birika la maji?
Mwanafunzi anaweza kusema bila kosa la sarufi na bado kukosa adabu. Namna gani? Toeni mfano mmoja wa Kijapani na mmoja wa lugha yenu.
Onyesheni kwenye ramani Sydney, Tokyo, Hiroshima na Likasi.